Uchakavu wa Pistoni na Kuta za Silinda katika Injini Zinazosukumiwa Hewa

Mkoa wa Ruvuma hutoa mahindi mengi, Mbinga hutoa kahawa, na tangu mwaka 2011 makaa ya mawe ya Ngaka yamekuwa yakichimbwa na kusafirishwa mbali, hata bandarini Mtwara. Mazao na madini hayo husafiri kwa malori ya dizeli. Katika barabara itokayo Songea kwenda Njombe, malori yaliyosheheni hupanda Lukumburu kwa gia ndogo, na mbali na ngurumo ya injini husikika mluzi mwembamba usiokoma. Mluzi huo hutoka katika mtambo mdogo wa kusukuma hewa ambao mafundi huuita tabo.

Siku lori linapoanza kutoa moshi wa buluu na kupungukiwa na nguvu, mwenye lori hukabiliwa na uamuzi mgumu. Fundi akisema kwamba pistoni na silinda zimekwisha, hapana budi injini ifunguliwe, vipuri vya silinda sita vinunuliwe, na lori lilale gereji wakati wenzake wanasomba mahindi. Ikiwa kweli zimekwisha, gharama hiyo haiepukiki, na kuichelewesha ni kuialika iliyo kubwa zaidi. Lakini injini nyingi zimefunguliwa hali ugonjwa ulikuwa nje ya silinda, katika kifaa cha bei ndogo. Makala haya yaeleza jinsi ukuta wa silinda unavyochakaa, na jinsi mwanafunzi wa fizikia awezavyo kuutambua uchakavu huo kwa vipimo vichache.

Hewa inayosukumwa

Nguvu ya injini hutegemea kiasi cha mafuta kinachoungua, na mafuta hayaungui bila oksijeni. Injini ya kawaida huvuta hewa kwa pistoni kushuka, na silinda hujazwa na kanieneo ya angahewa peke yake. Katika usawa wa bahari kanieneo hiyo ni kilopaskali 101 hivi. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na huko kanieneo ni karibu kilopaskali 89, yaani asilimia 88 ya ile ya Mtwara. Injini inayojivutia hewa yenyewe hupoteza karibu sehemu moja katika nane ya pumzi yake kwa sababu ya mwinuko tu.

Mtambo wa kusukuma hewa huondoa upungufu huo na kuzidisha. Ukiongeza kilopaskali 100 juu ya zile 89, silinda hupokea hewa yenye kanieneo ya kilopaskali 189, zaidi ya maradufu. Ongezeko la hewa lenyewe ni dogo kuliko hilo, kwa kuwa hewa inayogandamizwa hupata joto na kutanuka. Ndiyo maana malori mengi ya sasa yana rejeta ya kuipoza hewa kabla haijaingia katika silinda.

Mitambo hiyo ni ya namna mbili. Ya kwanza huzungushwa na krankishafti ya injini yenyewe. Wamarekani wawili ndugu, Philander na Francis Roots, walipata hati ya uvumbuzi wa kipulizia hewa mwaka 1860, nacho kilitumika kupuliza tanuri za kuyeyushia chuma muda mrefu kabla ya kuwako magari. Ya pili huzungushwa na moshi unaotoka, na asili yake ni wazo la mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepewa hati mwaka 1905. Tabo za malori ya Songea ni za ukoo huu wa Büchi.

Kipulizia cha ndugu Roots nacho hakikufa. Kampuni ya General Motors ilikitia katika injini zake za dizeli za mapigo mawili za mfululizo wa 71, zilizotoka mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa Kimarekani waliving'oa vipulizia hivyo na kuvifunga juu ya injini za magari ya mashindano. Mashindano yenyewe ni ya mbio fupi za mstari ulionyooka: magari mawili huondoka pamoja na kukimbia mita 402, au mita 305 kwa daraja la juu tangu mwaka 2008. Injini za daraja hilo zina ujazo wa lita 8 na kidogo, huchoma nitromethani, na hufanya kazi kamili kwa sekunde chache tu. Baada ya kila mbio, vichwa vya silinda hufunguliwa, pistoni hutolewa na kukaguliwa moja moja. Hakuna mahali pengine ambapo uchakavu wa pistoni umesomwa kwa bidii kama hapo, na mengi yaliyojulikana huko yanalifaa hata lori linalotarajiwa kwenda mamia ya maelfu ya kilomita.

Mzigo ulio juu ya pistoni

Hesabu mbili zatosha kuonyesha mateso ya pistoni. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 130 ina eneo la mita za mraba 0.0133. Katika injini ya dizeli yenye tabo, kanieneo ya mwako huweza kufika megapaskali 15. Kani inayoisukuma ni 15,000,000 × 0.0133, yaani karibu niutoni 200,000, sawa na uzito wa tani 20 zilizowekwa juu ya kisahani kisichozidi upana wa mkono. Kwa kuwa konrodi haisimami wima ila mara mbili katika kila mzunguko, sehemu ya kani hiyo huisukuma pistoni kando, dhidi ya ukuta. Upande mmoja wa silinda, ule unaopokea msukumo wakati wa mwako, huumia kuliko mwingine.

Hesabu ya pili ni ya mwendo. Wastani wa mwendo wa pistoni ni mara mbili ya urefu wa pigo, mara idadi ya mizunguko kwa sekunde. Lori lenye pigo la mita 0.15 na mizunguko 30 kwa sekunde lina mwendo wa mita 9 kwa sekunde. Injini ya mashindano yenye pigo la mita 0.114 na mizunguko 133 kwa sekunde hufika mita 30 kwa sekunde. Kinachozuia chuma kisile chuma ni utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele.

Ajabu ni kwamba ukuta hauchakai zaidi mahali pistoni inapokwenda kasi. Huchakaa zaidi juu kabisa, mahali ringi ya kwanza inaposimama na kugeuka. Utando wa oili huzaliwa na mwendo, kama maji yanavyoubeba ubao unaovutwa kwa kasi juu yake. Mwendo ukikoma, utando huvunjika. Papo hapo gesi huwa na kanieneo kubwa kuliko wakati wowote, nayo hupenya nyuma ya ringi na kuikandamiza ukutani, na joto huwa limeipunguza oili uzito wake. Mambo hayo matatu hukutana katika ukanda wa milimita chache. Kwa hiyo silinda iliyotumika sana huwa pana juu na nyembamba chini, na juu ya ukanda huo hubaki ukingo ambao haukuguswa na ringi. Kidole huuhisi ukingo huo hata macho yasipouona.

Maandishi yaliyo ukutani

Uchakavu wa kawaida ni wa polepole na wa haki: silinda zote hufanana. Uchakavu wenye ugonjwa huacha alama zake, na kila ugonjwa una mwandiko wake.

Kwa mkoa kama Ruvuma, ugonjwa wa kwanza ni vumbi. Mvua zikikatika mwezi wa Mei, barabara za vijijini hubaki kuwa unga mpaka Novemba. Sehemu kubwa ya mchanga ni kwatzi, yenye ugumu wa daraja la 7 katika mizani ya Mohs, hali chuma cha silinda ni laini kuliko hicho. Punje zinazopita katika chujio lililotoboka, au katika mpira wa hewa uliopasuka baada ya chujio, huifanya silinda kama jiwe la kusagia. Ukuta hupoteza mng'aro, mistari myembamba ya wima hujaa pande zote, na uso wa ringi huwa wa kijivu uliofifia. Fundi makini huuliza tena: ni ringi ipi iliyolika zaidi? Vumbi lililokuja na hewa hushuka kutoka juu, nalo huila zaidi ringi ya kwanza. Uchafu uliokuja na oili hupanda kutoka chini, nao huila zaidi ringi ya oili pamoja na beringi za kranki. Jibu la swali hilo humwambia arekebishe njia ya hewa au njia ya oili. Akifunga vipuri vipya bila kuliuliza, ugonjwa utarudi kabla deni la vipuri halijalipwa. Majani ya tabo nayo ni shahidi, kwa kuwa vumbi lililofika katika silinda lilipita kwayo kwanza, na kingo zao huwa zimelika.

Ugonjwa wa pili ni kukwama kwa pistoni, ambako alumini hupakazwa ukutani kama siagi juu ya mkate. Asili yake huonekana katika fizikia ya mtanuko. Alumini ya pistoni hutanuka kwa sehemu 21 hivi katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi, na chuma cha silinda kwa sehemu 11. Sketi ya pistoni yenye kipenyo cha milimita 100 ikipata joto la nyuzi 100 zaidi, hupanuka milimita 0.21, silinda ikipata nyuzi 70 zaidi, hupanuka milimita 0.08. Nafasi iliyo kati yao imepungua milimita 0.13. Mtengenezaji ameyahesabu hayo, na ndiyo sababu kichwa cha pistoni, chenye joto kali, huchongwa chembamba kuliko sketi. Lakini rejeta ikipungukiwa maji, au dereva akiwasha injini ya baridi alfajiri na kuikaza mara moja kupanda mlima, pistoni hutanuka kabla silinda haijaipisha. Mikwaruzo minne iliyo kandokando ya matundu ya pini ni dalili ya mtanuko huo. Mikwaruzo iliyo upande mmoja tu, ule wa msukumo, huelekeza zaidi kwenye upungufu wa oili au mzigo uliozidi.

Mikwaruzo ikionekana katika silinda moja peke yake, wakati jirani zake ni wazima, nozeli ya silinda hiyo ichunguzwe. Nozeli inayodondosha dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu huosha oili ukutani, na chuma hubaki kikavu. Katika magari ya mashindano kosa hilo ni kubwa zaidi: mafuta humiminwa kwa wingi hata silinda isiyowaka hujaa kimiminika, nacho hakigandamiziki, konrodi hupinda au bloku hupasuka.

Injini hizo za mashindano hufundisha jambo jingine, yaani mpasuko wa mwako. Alumini ya pistoni huanza kuyeyuka kabla ya kufika nyuzi 600, hali gesi inayoungua hupita nyuzi 2,000. Pistoni huokoka kwa sababu safu nyembamba ya gesi iliyotulia hulinda uso wake, na joto hukimbizwa kupitia ringi hadi ukutani. Mafuta yakilipuka kwa mshindo badala ya kuungua kwa mpangilio, mawimbi ya kanieneo huivunja safu hiyo. Kingo za pistoni huonyesha vitundu kama zilizonyunyiziwa mchanga, na kuta za mifereji ya ringi hupasuka. Mafuta yakiwaka kabla ya wakati wake bila mshindo, alama huwa tofauti: katikati ya kichwa huyeyuka na kutoboka. Injini ya petroli ya gari dogo lenye tabo huweza kuugua yote mawili.

Yako pia magonjwa ya utulivu. Masizi yaliyoganda juu ya ringi ya kwanza huusugua ukuta mpaka ung'ae kama kioo, na mistari ya msalaba iliyochorwa kiwandani ili kushika oili hufutika. Ukuta wa namna hiyo hupendeza macho na hula oili. Jenereta inayokaa saa nyingi ikibeba mzigo mdogo hupata ukuta unaong'aa kwa sababu nyingine, yaani gamba la oili na dizeli isiyoungua. Songea iliwahi kupata umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO hadi mwaka 2018, njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipouunganisha mji na gridi ya Taifa. Jenereta za akiba zilizobaki mijini, ambazo huwashwa bila mzigo ili tu zisilale, zimo katika hatari hiyo hasa.

Kuuliza kabla ya kufungua

Moshi mweusi ni wa mafuta mengi au hewa haba. Moshi mweupe ni wa dizeli isiyoungua au wa mvuke wa maji. Moshi wa buluu ni wa oili, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika, kwa kuwa oili ina njia zaidi ya moja ya kuufikia mwako. Mhimili wa tabo huzunguka juu ya oili, na kizuizi chake kikishindwa, oili humwagika katika njia ya hewa au ya moshi. Hata tabo nzima huweza kuvuja, ikiwa bomba la kurudisha oili limeziba. Chujio la hewa lililojaa vumbi huleta matokeo yale yale, kwa kuwa tabo inayonyimwa hewa huvuta oili kupitia kizuizi chake. Lori lenye pistoni nzima basi hutoa moshi wa buluu kwa kosa la chujio. Kabla ya hukumu yoyote, chujio likaguliwe, kisha bomba litokalo kwenye tabo kuelekea kwenye injini lifunguliwe na kutazamwa ndani. Utando mwembamba wa oili si jambo la ajabu; oili iliyotuama ni ushahidi dhidi ya tabo.

Ushahidi dhidi ya ringi hutafutwa katika bomba la kupumulia injini. Gesi inayopita kando ya ringi hushuka katika sampu na kutokea huko. Kuipima si kazi kubwa: bomba hilo hufunikwa kwa bati lenye tundu dogo, na mrija wa plastiki unaopenya maji uliopindwa mfano wa herufi U huunganishwa kabla ya tundu. Kila sentimita ya tofauti ya maji ni paskali 98. Tarakimu moja peke yake haisemi sana. Tarakimu za miezi sita, zilizoandikwa kwa mwendo ule ule wa injini, husema karibu kila kitu. Mtu akumbuke tu kwamba tabo iliyochakaa nayo hupitisha gesi katika sampu.

Kipimo cha mgandamizo kinajulikana na mafundi wote, lakini Songea kina mtego wake. Vitabu vingi vya injini huandikwa kwa usawa wa bahari. Chukua kitabu kinachosema kwamba geji isome baa 29. Geji huanza kuhesabu kutoka kanieneo ya angahewa, hivyo kanieneo kamili ni baa 30. Hewa ya Songea ikianza na asilimia 88, itaishia na asilimia 88: 30 × 0.88 ni baa 26.4, na geji itasoma 25.5. Tabo haiwezi kusaidia hapo, kwa kuwa injini inazungushwa na stata, na moshi wa kuiendesha tabo haupo. Fundi anayelinganisha 25.5 na 29 ataihukumu injini isiyo na hatia. Lililo muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, kwa kuwa zote zimevuta hewa ile ile.

Silinda iliyoonyesha upungufu hutiwa hewa ya kompresa, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, kisha fundi husikiliza. Hewa ikivuma kwenye mdomo wa kutilia oili, ringi au ukuta ndio unaovuja. Ikivuma katika bomba la moshi au la hewa, ni valvu. Mapovu katika rejeta ni gasketi au ufa.

Kupima kwa ringi na fila geji

Gereji nyingi, na karibu shule zote, hazina geji ya kupimia kipenyo cha ndani cha silinda. Hesabu ya duara huziba pengo hilo. Kichwa cha silinda kikiwa kimefunguliwa na pistoni imetolewa, ringi moja huingizwa katika silinda bila pistoni, husawazishwa kwa kichwa cha pistoni, na pengo la ncha zake hupimwa kwa fila geji. Kwanza hupimwa chini, mahali ringi haifiki katika kazi yake. Kisha juu, katika ukanda unaochakaa. Ringi ni ile ile, kwa hiyo tofauti ya mapengo ni tofauti ya mizingo ya silinda. Mzingo ni kipenyo mara 3.14; basi tofauti ya mapengo ikigawanywa kwa 3.14 hutoa tofauti ya vipenyo. Pengo likiwa milimita 0.55 chini na 1.18 juu, tofauti ni 0.63, na silinda imepanuka milimita 0.20. Njia hii haionyeshi kama silinda imekuwa yai, kwa sababu ringi hutoa wastani wa pande zote. Kwa hilo geji yenyewe haina mbadala.

Zoezi

Lori lenye silinda sita limepimwa Songea. Kitabu chake kinataka baa 29 katika usawa wa bahari. Geji imesoma, kuanzia silinda ya kwanza: 25, 26, 25.5, 19, 25 na 26. Hewa ya kompresa katika silinda ya nne imevuma kwenye mdomo wa kutilia oili. Ilipofunguliwa, pengo la ringi lilikuwa milimita 0.60 chini na 1.35 juu, na mikwaruzo ilikuwa upande mmoja tu wa ukuta. Majani ya tabo hayakulika.

(a) Ni silinda zipi zilizo wazima? Onyesha hesabu ya mwinuko.
(b) Silinda ya nne imepanuka kiasi gani?
(c) Kwa nini vumbi si mshitakiwa wa kwanza hapa, na ni kifaa gani kipelekwe kupimwa kabla pistoni mpya haijafungwa?
(d) Mwenye lori ana fedha za vipuri vya silinda moja tu. Je, fundi akubali kazi hiyo au aikatae? Toa sababu kwa kutumia tarakimu zilizotolewa.